Mlima wa Sumaku

Katika Alfu Lela Ulela imo hadithi ya mfalme aliyepotea baharini, merikebu zake zikavutwa na mlima wa sumaku hata misumari yote ikachomoka, mbao zikaachana, watu wakazama. Wengi wa zamani waliisadiki. Hata wako waliodhani kuwa ndiyo sababu vyombo vya Bahari ya Hindi vilishonwa kwa kamba pasipo misumari, kama ilivyoshonwa mitepe ya Lamu. Je, sumaku yaweza kufanya hivyo? Twataka kuyapima maneno haya kwa vitu vya nyumbani.

Tutwae sumaku, mathalan ile iliyo nyuma ya kipaza sauti cha redio iliyoharibika. Itavuta msumari na wembe. Lakini shaba, fedha, risasi na mti haivivuti. Kisha tutwae sindano ya kushonea, tuisugue kwa upande mmoja wa sumaku, toka tunduni hata nchani, mara 30 hivi, tukiinua mkono kila mara wala tusirudi nyuma. Sasa sindano nayo ni sumaku. Tuilaze juu ya jani kavu katika bakuli la udongo lenye maji. Itageuka polepole, itulie, ncha moja ikielekea kaskazini na ya pili kusini. Hiyo ndiyo dira.

Tukifanya sindano ya pili vivyo hivyo tutaona kuwa ncha mbili za kaskazini hufukuzana, bali ya kaskazini na ya kusini huvutana. Na tukiivunja sindano katikati ili tuzitenge ncha zake, hatufaulu: kila kipande huwa na ncha zake mbili.

Tulitazame tena lile bakuli, maana hapa pana jambo ambalo wengi hulipita. Sindano imegeuka, lakini haikusafiri kwenda ukingo wa kaskazini. Robert Norman, mtengeneza dira wa Uingereza, alilieleza jambo hilo mwaka 1581. Na mwaka 1600 William Gilbert akaandika kuwa dunia yenyewe ni sumaku kubwa. Kwa ukubwa wake, dunia huvuta ncha moja upande wa kaskazini na ncha ya pili upande wa kusini kwa nguvu zilizo karibu sawa. Basi sindano hugeuzwa, haivutwi kwenda mahali.

Sumaku ndogo iliyo karibu huvuta, kwa kuwa ncha iliyo jirani nayo hupata nguvu nyingi kuliko ile ya mbali. Lakini nguvu hiyo hupungua upesi mno. Tukiwa mbali kupita urefu wa sumaku yenyewe mara nyingi, umbali ukiongezeka mara 2, nguvu ya kugeuza dira hubaki sehemu moja ya 8. Ukiongezeka mara 10, sehemu moja ya 1,000. Nguvu ya kuvuta msumari hufifia upesi zaidi. Tena mawe ya sumaku yachimbwayo ardhini ni dhaifu. Hakuna mlima uwezao kung'oa misumari ya jahazi lipitalo mbali.

Hatari ya kweli imo chomboni. Kisu, nanga au sumaku ikiwekwa karibu na dira, sindano hupotoka, na nahodha huongoza njia isiyo yake akidhani yu sawa. (Kitunguu saumu hakidhuru, ingawa mabaharia wa Ulaya waliogopa kukila karibu na dira.) Zilipoanza kuundwa meli za chuma, hatari hiyo ilizidi. Januari 1854 meli ya chuma iitwayo Tayleur, katika safari yake ya kwanza toka Liverpool kwenda Australia, iligonga miamba ya kisiwa cha Lambay, karibu na Dublin, na mamia ya watu wakafa. Dira zake hazikupatana, na chuma cha meli yenyewe kilikuwa mojawapo ya sababu.

Dawa yake ilikuwa imekwisha kujulikana. Tangu miaka ya 1830 George Airy alionyesha kuwa sumaku ndogo na vipande vya chuma vikipangwa kando ya dira kwa kipimo, huyapinga makosa yaletwayo na chuma cha meli. Hata leo meli kubwa, ingawa zina vyombo vingine vya kujua njia, huchukua dira ya sumaku, nayo hurekebishwa hivyo.