Ujuzi wa Mwalimu Usizikwe Naye

Asubuhi umpelekapo mwanao skuli, wamkabidhi mtu ambaye kazi yake hapana mtu mzima mwingine aionaye. Seremala huranda mbao barazani, na kila apitaye aona namna ashikavyo randa. Mshonaji huweka cherehani yake mbele ya duka. Hata daktari apasuaye huzungukwa na wenziwe. Lakini mwalimu huingia darasani akabaki yeye na watoto. Na yatendekayo humo, mema na mabaya, hayatoki nje ila kwa vinywa vya watoto, nao hawajui kuyaeleza.

Nitatoa kisa changu mwenyewe, ingawa si cha kujisifia. Nilipokuwa mwalimu kijana nalifundisha hesabu darasa la pili. Tulipofikia hesabu za kutoa zenye kukopa, watoto wangu walinishinda. Nikiandika ubaoni 42 kutoa 17, zaidi ya nusu yao huniletea jibu la 35. Nikaeleza, nikarudia, nikapaza sauti, mwisho nikakasirika; nao wakazidi kuniletea 35. Hata sikujua walikuwa wakiipataje. Upande wa pili wa ukuta alikuwapo mwalimu mzee, mtu mpole, msema machache, ambaye watoto wake hawakukosea hesabu hizo. Miaka minne tulikaa naye chumba kimoja cha walimu, tukinywa chai na kuzungumza habari za mishahara, mvua na mpira, wala sikumwuliza hata siku moja, "Maalim, wewe wawafundishaje kutoa?" Naliona haya. Naye hakuniambia, labda kwa kuchelea nisije nikadhani kwamba ananikosoa. Akastaafu, na haukupita muda mrefu akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Siri yake niliipata miaka mingi baadaye kwa mtu aliyekuwa mwanafunzi wake, naye wakati huo ana watoto wake mwenyewe. Maalim alikuwa na sanduku la vijiti vya chelewa, vile vya fagio, amevikata sawasawa na kuvifunga kumi kumi kwa uzi. Mtoto akiambiwa atoe 17 katika 42, hupewa vicha vinne na vijiti viwili. Akitaka kutoa saba haoni ila viwili; hapo hana budi kufungua kicha kimoja kwa mikono yake mwenyewe, na Maalim hamfungulii hata akilia. Mtoto akisha kufungua uzi ule mara tatu au nne, kukopa kwake si neno tena, ni jambo alilolitenda.

Ndipo nilipofahamu na ile 35 yangu ilikotoka. Watoto waliona kuwa 2 haitoshi kutolewa 7, basi wakaigeuza hesabu: wakatoa 2 katika 7 wakapata 5, wakatoa 1 katika 4 wakapata 3. Walikuwa na kanuni yao, nami sikuwahi kuwauliza. Ukuta mmoja wa matofali ndio ulionitenga na dawa hiyo kwa miaka minne. Watoto wangapi walipita mikononi mwangu katika miaka hiyo, sipendi kuwahesabu.

Nimekikumbuka kisa hiki kwa kuwa iko nchi ambayo walimu wake walikwisha kuutafutia ugonjwa huu dawa zamani, nayo ni Japani. Huko kuna desturi iitwayo jugyo kenkyu, maana yake uchunguzi wa somo. Asili yake yarejea zama za Mfalme Meiji. Mwaka 1872 serikali yake ilitoa sheria ya kueneza skuli nchi nzima, na mwaka huo huo kikafunguliwa chuo cha walimu mjini Tokyo. Wajapani hawakuwa wamezoea kufundisha watoto wengi pamoja mbele ya ubao mmoja. Katika vyuo vyao vya zamani mwalimu alimshughulikia kila mtoto peke yake, huyu yuko hapa na yule yuko pale, kama ijulikanavyo katika vyuo vyetu vya Kurani. Basi wakamwajiri Mmarekani, Marion Scott, awaonyeshe njia hiyo mpya, nao wakajifunza kwa kulitazama somo lenyewe linavyokwenda. Tangu hapo desturi ya mwalimu kumtazama mwalimu mwenziwe ikazidi kukua, hasa katika skuli zilizoambatanishwa na vyuo vya walimu, hata ikawa ni jambo la kawaida katika skuli za msingi.

Hufanywa hivi. Walimu wanne au watano huchagua jambo moja liwashindalo watoto, wakalichunguza kwa majuma kadhaa kabla ya kulifundisha. Tuchukue hii hesabu ya kutoa. Walimu watajiuliza: mtoto wa darasa la kwanza aanze na 13 kutoa 9, ama aanze na 12 kutoa 3? Mtu wa nje atacheka kuona watu wazima wakibishana alasiri nzima juu ya jambo kama hilo, nami zamani ningalicheka. Lakini hebu tazama. Katika 13 kutoa 9, lililo jepesi kwa mtoto ni kuitoa 9 katika kumi, ibaki 1, kisha airudishie ile 3, apate 4. Katika 12 kutoa 3, lililo jepesi ni kutoa 2 kwanza, ibaki kumi, kisha atoe 1 iliyosalia. Njia hizo mbili ni mbali mbali, na aichaguaye tarakimu ya kwanza ndiye amchaguliaye mtoto njia ya kufikiri.

Kisha huandika mpango wa somo, na katika karatasi hiyo mna safu ambayo mimi sikupata kuiona katika maandalio yangu yote: yale ambayo watoto huenda wakayasema, ya sawa na ya makosa, na mwalimu atafanya nini kwa kila moja. Lau ningalikuwa na safu hiyo, 35 yangu ingaliandikwa kabla sijaingia darasani.

Siku ya somo ikifika, mmoja wao hufundisha. Wengine husimama kandokando ya ukuta, karatasi mkononi, na katika skuli nyingi watoto wa madarasa mengine hurudishwa nyumbani mapema ili walimu wote wapate kuhudhuria. (Huku kwetu nachelea baadhi ya wazazi wangekuja kugombana.) Wale wasimamao hawamtazami sana mwalimu, huwatazama watoto. Huandika mtoto fulani alianza nini, akakwama wapi, alinong'ona nini na jirani yake. Hawaruhusiwi kumsaidia. Mwalimu naye haufuti ubao ovyo: swali, njia za watoto na majibu yao huandikwa kwa taratibu toka kushoto hata kulia na kubaki hapo mpaka mwisho, hata mtoto aliyepotea katikati aweza kurudisha macho nyuma akaona walikotoka wenziwe.

Watoto wakisha kutoka, walimu huketi pamoja, na aliyefundisha ndiye husema mwanzo. Hueleza mwenyewe ni wapi alipoona mambo hayakwenda kama walivyotarajia. Kisha wenziwe husoma walichokiandika, na mwisho husema mgeni aliyealikwa, mtu mwenye ujuzi mwingi. Mpango ukisha kutengenezwa, mara nyingi mwalimu mwingine hulifundisha somo lile lile kwa darasa jingine, na habari zote huandikwa zikawekwa kwa watakaokuja.

Nguzo ya desturi hii ni kwamba somo si la mtu mmoja. Wamelipanga wote, basi likiharibika limeharibika la wote. Hapana asemaye, "Wewe umekosea." Husema, "Somo letu hapa halikuwafikia watoto." Hilo si suala la adabu tu. Mwalimu ajuaye kwamba atahukumiwa nafsi yake huonyesha somo alilokwisha kulizoea, akawaita mbele watoto wake hodari, na hapo hapana litakalojulikana. Ajuaye kwamba linalopimwa ni somo huthubutu kuleta lile limtialo taabu.

Mataifa mengine yaliamka kwa kuchelewa. Katika miaka ya 1990 wataalamu walipiga picha za sinema masomo 231 ya hesabu ya darasa la nane: 100 nchini Ujerumani, 81 Marekani na 50 Japani. Wamarekani wawili walioyachunguza, James Stigler na James Hiebert, waliandika katika kitabu chao cha mwaka 1999 kwamba walimu wa nchi moja hufanana mno katika kufundisha, kwa sababu kila mtu hufundisha kama alivyofundishwa utotoni, bila kujua kwamba iko njia nyingine. Hao ndio waliowajulisha Wamarekani wengi habari za desturi hii ya Kijapani.

Sisi Waislamu jambo hili halitupasi kutushangaza. Nani kati yetu atamwamini mtu aliyejifunza tajwidi kwa kitabu peke yake? Twajua kuwa haina budi kusikilizwa kinywani mwa mwalimu na kurudiwa mbele yake, kwani iko sehemu ya ilimu isiyoandikika. Na ufundi wa kufundisha nao una sehemu hiyo. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, aliweka mlango mzima wa kulinganisha namna watoto walivyofundishwa katika miji ya Waislamu: watu wa Maghribi wakishika Kurani peke yake na maandishi yake, watu wa Andalusi wakichanganya na mashairi, nahau na hati nzuri, watu wa Ifrikiya wakitia na hadithi. Alieleza kila njia ilileta faida gani na iliacha pengo gani. Na ukali kwa watoto wadogo aliulaumu sana, akisema huwafundisha uvivu na uwongo. Huyo alikuwa ametazama darasa.

Afrika Mashariki haikukosa kujaribu. Mwaka 1998 serikali ya Kenya, kwa msaada wa Japani, ilianzisha mradi wa SMASSE katika wilaya tisa, wa kuimarisha mafundisho ya hesabu na sayansi katika skuli za sekondari, na tangu mwaka 2003 ukaenezwa nchi nzima. Shabaha yake ilikuwa mwalimu aache kusema peke yake, mwanafunzi afanye kwa mikono, na vifaa vikikosekana vibuniwe kwa vilivyopo. Lakini mafunzo yalishuka kwa ngazi: wakufunzi wa taifa wakawafundisha wa wilaya, nao wakawafundisha walimu likizoni. Jambo lishukalo ngazi hufanana na uji unaoongezwa maji kila upitapo kwa mpishi mpya. Tena mwalimu akirudi skulini kwake huurudia ule ule upweke. Zambia, iliyoingia kazini baada ya Kenya, ilianza mwaka 2005 katika Jimbo la Kati kuuweka uchunguzi wa somo ndani ya skuli zenyewe, walimu wakae, wafundishe na watazamane pale pale walipo. Nionavyo mimi, hiyo ndiyo njia iliyo karibu zaidi na hali yetu, maana haihitaji nauli wala posho.

Taabu zipo, wala sizifichi. Mwalimu mwenye watoto themanini na vipindi vya kutwa atapata wapi saa ya kumtazama mwenziwe? Na liko la pili, nalo ni baya zaidi: mkuu wa skuli akiligeuza tazamo kuwa ukaguzi, akaandika majina na kupeleka ripoti, desturi itakufa siku hiyo hiyo. Kwa saa, mzazi aweza kusaidia. Katika mkutano wa wazazi, pamoja na kuuliza habari za ada na madawati, na aulizwe mkuu wa skuli: walimu wenu hutazamana lini? Akijibu kwamba inahitajika alasiri moja kila mwezi watoto warudi mapema, basi wazazi waridhie.

Katika skuli niliyopo sasa tulianza walimu watatu, kwa somo lile lile la kutoa na kwa vijiti vile vile vya chelewa. Mwalimu wa darasa la pili A alifundisha, nasi wawili tukasimama nyuma. Somo lilikwenda vizuri na mikono ikanyoshwa mingi. Lakini mwenzangu aliandika habari za binti mmoja wa safu ya mwisho: alifungua kicha, akahesabu kumi, akakifunga tena kama kilivyokuwa, kisha akachungulia daftari la jirani na kunakili jibu. Mwalimu wake alikuwa amemtia alama ya sawa. Tulipoketi, huyo mwalimu alinyamaza kidogo, akasema, "Huyu nimekuwa nikimsahihisha hivi tangu Januari."

Alhamisi iliyofuata somo lilifundishwa darasa la pili B, na safari hii kila mtoto alitakiwa kumwambia mwenziwe kwa sauti ana vijiti vingapi kabla ya kufungua uzi na vingapi baada ya kufungua. Yule wa A ndiye aliyesimama nyuma na karatasi. Jioni alimwita yule binti chini ya mwembe, wakakaa na kicha kimoja baina yao. Binti alifungua, akahesabu, akafunga, akafungua tena, kisha akamtazama mwalimu wake, akasema, "Kumbe ni vile vile kumi!"