Tupime Kibodi Mpya kwa Kiswahili

Kibodi iliyoundwa kwa mkono, kila kitufe na swichi yake, ipimwe kabla ya kuchapia mitihani. Tunapendekeza hatua tatu.

Kwanza, tubonyeze vitufe vyote kimoja kimoja. Aya ya Kiswahili pekee haitoshi, kwani Q na X hazimo katika alfabeti yetu.

Pili, kitufe kisipoandika, tuchomoe swichi na kutazama pini zake. Iliyopinda inyooshwe taratibu.

Tatu, tuchape "kata" mara nyingi. Swichi mbovu hurudia herufi na kutoa "kataa". Kisahihishi cha tahajia hakitashtuka, maana yote mawili ni maneno sanifu. Atakayepotoka ni mtahiniwa. Ritifaa nayo isisahauliwe: bila hiyo, "ng'oa" huwa "ngoa", yaani wivu.