Mkanda wa Nyuma Huokoa Punda na Mzigo

Mkulima, watu husema shukrani ya punda ni mateke. Lakini kabla hujamlaumu punda wako, mtazame anaposhuka mlima na gari lililojaa maji, kuni au viazi. Je, ni kitu gani kinachozuia gari lisimpande? Kama hakuna, basi mateke yake yana sababu.

Hesabu yake ni rahisi. Gari na mzigo wa kilo 500, katika mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10, humsukuma punda kwa nguvu iliyo karibu na uzito wa kilo 50. Asipokuwa na mkanda wa nyuma, nguvu hiyo huangukia shingo, mgongo na mdomo wake. Nira ya ng'ombe ni mbaya zaidi, kwa kuwa punda hana nundu ya kuizuia. Huteleza kuelekea masikioni. Punda akianguka, gari humpita juu, na pengine humkumba mwendeshaji au watoto walio njiani.

Mkanda wa nyuma ni ukanda mpana unaozunguka matako ya punda. Gari likisukuma, yeye huliegemea, na misuli mikubwa ya mapaja ikafanya kazi ya breki. Iko mitindo mitatu.

Wa kwanza ni wa gari lenye miti miwili, punda mmoja akiwa katikati. Mkanda huning'inizwa kwa kanda zipitazo juu ya kiuno, na ncha zake hufungwa kwenye pete zilizo katika miti hiyo.

Wa pili ni wa punda wawili na mti mmoja katikati. Kanda hutoka kwenye mkanda wa nyuma, hupita chini ya tumbo mpaka kifuani, kisha huungwa na ncha ya mbele ya mti. Mti ukienda mbele, huvuta mkanda. Ncha hiyo isipofungwa, mkanda haufanyi kazi yo yote.

Wa tatu ulitumiwa na waendesha farasi wa Uingereza kwa magari mepesi ya magurudumu mawili. Mkanda hufungwa kutoka mti mmoja hadi wa pili, nyuma ya mnyama. Ni rahisi, lakini kimo chake hufuata gari, wala si punda. Usiutumie kwa mzigo mzito.

Sasa pima. Mkanda ukae chini kidogo ya mfupa wa tako. Ukiwa juu mno, hupanda chini ya mkia. Ukiwa chini mno, huzuia miguu. Punda akivuta mahali tambarare, pawe na nafasi ya upana wa kiganja kati ya mkanda na mapaja. Ukibana, huchubua ngozi. Ukilegea, gari hupata mwendo kabla ya kuzuiwa.

Tumia ngozi laini au turubai iliyokunjwa. Kamba ya nailoni hukata, na mpira wa tairi huwa na nyaya ndani. Kila jioni pitisha mkono mapajani. Manyoya yaliyokatika ni mwanzo wa kidonda.

Kesho, kabla ya kupakia, mfunge punda kwenye gari tupu, umrudishe nyuma hatua tatu polepole. Gari likirudi pamoja naye bila kumsukuma shingoni, basi mkanda u tayari kwa mteremko.