Weupe wa Tyubu na Mtego Wake

Apitaye Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, hakosi kusikia sifa za krimu za kung’arisha uso. Baadhi ya mikorogo hiyo huwa na klobetasoli, dawa kali ya jamii ya steroidi.

Dawa hii si adui. Ikipakwa hubana mishipa midogo ya damu ngozini. Uvimbe na mwasho wa pumu ya ngozi hutulia. Mahali palipopakwa hupauka, na tangu mwaka 1962 wataalamu hupima nguvu ya dawa hizi kwa kuangalia mpauko huo.

Hatari huanza dawa inapogeuzwa kipodozi. Ikipakwa kwa miezi, ngozi hukonda, hufanya michirizi, na fangasi hustawi. Mtumiaji akiacha ghafla, mishipa iliyobanwa hutanuka. Uso huvimba na kuwaka moto, naye hurudia tyubu ileile. Hapo ndipo mtego ulipo.

Basi, ndugu msomaji, usijipake wala usimpake mtoto dawa hii bila daktari kuiandika. Aliyekwisha kunaswa asione haya: aende zahanati na tyubu yake mkononi, apate kuiacha kwa mwongozo wa mganga.