Dawa ya kuzuia kovu baada ya kupasuliwa mgongo: nini hukumu yake?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Tumeulizwa na familia zenye wagonjwa waliopangiwa kupasuliwa mgongo: daktari huweka kitu ndani ili kovu lisinate kwenye neva, na huenda kitu hicho kimetokana na nguruwe. Je, inafaa?

Hukumu ya kitu hutegemea kukifahamu kwanza. Daktari anapoondoa diski iliyotoka au kipande cha mfupa wa pingili, panabaki uwazi, na mwili huujaza kwa kovu. Kovu hilo ni la kawaida. Kwa baadhi ya watu hunata kwenye neva, na ikihitajika kupasua tena kazi huwa ngumu. Ndiyo maana baadhi ya madaktari huweka jeli au utando laini wa kutenganisha, ambao baadaye hunyonywa na mwili.

Vitu hivyo havina asili moja. Kuna vinavyotengenezwa kiwandani bila mnyama, vinavyotokana na bakteria, kolajeni ya ng'ombe au ya nguruwe, na jelatini ya nguruwe. Wengine huchukua mafuta ya mgonjwa mwenyewe.

Kisichotokana na najisi hakina tatizo. Ama cha nguruwe, wanazuoni wamekhitalifiana. Kongamano la fiqhi ya tiba lililofanyika Kuwait mwaka 1995 lilikubali kwamba jelatini iliyobadilika dhati yake imetoharika. Katika madhehebu yetu ya Shafi, nguruwe hatohariki kwa kubadilishwa. Lakini Imam Nawawi ametaja katika Minhaj kwamba aliyeunga mfupa wake kwa kitu najisi kwa kukosa kilicho tohara, ana udhuru. Hapa ndipo penye ufunguo: kukosa kilicho tohara.

Basi tuangalie dharura ipo wapi. Majaribio ya kitabibu juu ya vizuizi hivi hayajaafikiana. Kovu kupungua kwenye picha si lazima maumivu yapungue. Manufaa yakiwa hayana yakini, na mbadala upo, ni vigumu kusema kwamba cha nguruwe ni dharura. Tunachoshauri ni kutumia kilicho tohara, au kuacha kizuizi ikiwa daktari muaminifu anaona hakuna ubaya. Akisema kinahitajika kweli na hakuna kingine, mgonjwa ana udhuru.

Tunasisitiza kwamba mjadala huu ni wa kizuizi, si wa upasuaji. Mgonjwa ambaye mguu unazidi kulegea, au ameshindwa kuzuia mkojo au choo, apelekwe hospitali mara moja. Asicheleweshwe kwa kusubiri fatwa. Kuchelewa kunaweza kumlemaza maisha.

Aliyekwisha kuwekewa bila kujua hana dhambi. Halazimiki kupasuliwa tena, kwani kuna madhara, na aendelee na sala zake bila wasiwasi.

Kabla ya siku ya upasuaji, muulizeni daktari kwa adabu: mtatumia kizuizi? Kimetokana na nini? Kuna mbadala? Kisipowekwa, itakuwaje? Kumuuliza si kumvunjia heshima. Ni haki ya mgonjwa, na ni sehemu ya kuilinda dini yake.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Wallahu aalam.