Kijana akitoka makaoni, nani atatembea naye?

Krismasi inapokaribia, jumuiya zetu nyingi hupanga safari ya kutembelea makao ya watoto. Tunabeba unga, mchele, mafuta ya kupikia, sabuni na nguo. Tunaimba na watoto, tunapiga picha, kisha tunarudi nyumbani tumefurahi. Jambo hilo ni jema na lisikome. Ila leo naomba nikuulize: yule mtoto uliyempa biskuti mwaka ule, akitimiza miaka 18 huenda wapi?

Hapa Kenya, kulingana na Katiba na Sheria ya Watoto ya 2022, aliyetimiza miaka hiyo si mtoto tena. Basi siku hufika akaagwa. Hupewa sanduku, godoro, pengine na kodi ya mwezi mmoja.

Fikiria mwanao wa umri huo. Akikosa nauli, hukupigia simu. Akifukuzwa kibaruani, hurudi kitandani pake. Huyu mwingine hana pa kurudi. Chakula chake kilikuja kengele ilipolia, hivyo huenda hajawahi kununua kilo moja ya unga kwa pesa zake. Akienda kuomba kitambulisho, huulizwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi. Akilazwa hospitalini, karani humuuliza jina la jamaa wa karibu, naye hunyamaza. Hata akija kwa padri kuandikisha ndoa, kiti cha wazazi kina mtihani wake.

Tusome tena Kitabu cha Tobiti. Mzee Tobiti, akiwa kipofu na maskini, anamtuma mwanawe Tobia mji wa mbali huko Media akachukue fedha alizoziweka kwa jamaa yake. Kijana haijui njia. Baba hamwambii, "Umekuwa mtu mzima, nenda." Anamwambia atafute mtu wa kufuatana naye, tena yuko tayari kumlipa mtu huyo ujira wa kila siku. Ndipo anapotokea Rafaeli, malaika asiyejulikana bado kuwa ni malaika.

Tazama anavyofanya kazi yake. Samaki mkubwa anaporuka kutoka mto Tigri na kumtisha Tobia, Rafaeli hamvui yeye. Anamwambia kijana amkamate, na kijana anamkamata kwa mikono yake mwenyewe. Kisha anamfundisha sehemu zipi za samaki azitunze, maana zitafaa mbele ya safari. Rafaeli anajua njia, anashauri, anatia moyo, lakini haishi maisha ya Tobia kwa niaba yake. Na haondoki mpaka kijana amefika salama nyumbani.

Hivyo ndivyo vijana wetu wanavyohitaji. Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo kuhusu malezi ya watoto wasio na uangalizi wa wazazi. Miongozo hiyo inataka maandalizi ya kuondoka yaanze mapema, na kila inapowezekana kijana apewe mtu maalumu wa kumsaidia kujitegemea. Nayo serikali yetu ilizindua mwaka 2022 mpango wa miaka kumi wa kuwatoa watoto makaoni na kuwarudisha katika familia. Kadiri mpango huo unavyoendelea, ndivyo wanavyohitajika watu wa kuwapokea.

Nasi Wakatoliki tusiseme hatujui pa kuanzia. Kila tunapobatiza na kila Askofu anapotoa Kipaimara, huwa kuna msimamizi anayesimama pamoja na yule anayepokea sakramenti. Tumezoea kumaliza kazi hiyo siku hiyo hiyo, baada ya keki. Lakini kazi yake ni kutembea na mwenzake katika maisha ya imani.

Basi parokia yenye makao jirani ifanye hivi. Padri na halmashauri wakae na wasimamizi wa makao, wakiwa bado na mwaka mmoja au miwili kabla kijana hajaondoka. Wachague watu wazima wenye sifa njema, wanawake kwa wasichana na wanaume kwa wavulana, na jambo lote lifanyike waziwazi. Kila mmoja apewe kijana mmoja tu. Ampigie simu kila wiki. Aende naye kwa chifu na kwa ofisi ya kitambulisho. Amfundishe kupanga pesa ya kodi kabla ya pesa ya viatu. Amtambulishe kwa fundi anayeweza kumfundisha kazi. Amruhusu aandike jina lake kwenye ile nafasi ya jamaa wa karibu.

Tahadhari moja: usimchukue kijana huyo umfanye mtumishi wa nyumbani kwako, ukasema unamsaidia. Na akikosea, akapoteza kazi au akatumia pesa vibaya, usimtupe. Mwanao pia hukosea, na bado unamfungulia mlango.

Mpendwa, Krismasi hii mkienda makaoni, pelekeni unga kama kawaida. Kisha muulizeni msimamizi ni vijana wangapi wanaondoka mwakani, na majina yao yasomwe katika jumuiya. Huenda mmoja wao anasubiri wewe umwambie, "Tutakwenda pamoja."