Bleza kwa Mama wa Kazini: Tazama Bega Kabla ya Rangi

Katika mavazi yote ya mwanamke afanyaye kazi ofisini, hakuna nguo inayogharimu fedha nyingi na kununuliwa kwa haraka kama koti. Gauni atalipima mara tatu, viatu atavijaribu mpaka muuzaji achoke, lakini koti aghalabu hulitwaa kwa kupenda rangi yake, akijitia moyo kwamba lililobaki fundi atalirekebisha. Hapo ndipo fedha zinapopotea. Katika koti yamo mambo ambayo fundi huyarekebisha kwa urahisi na kwa malipo madogo, na limo moja asiloweza kulirekebisha ila kwa kulifumua koti karibu lote. Jambo hilo ni bega.

Hapa Uganda koti limekuwa zaidi ya pambo. Mwezi wa Julai 2017 Wizara ya Utumishi wa Umma ilitoa waraka juu ya mavazi ya watumishi wa serikali, na miongoni mwa mengine wanawake walikatazwa kuja kazini na nguo zisizo na mikono, nguo zinazoangaza mwili na sketi zinazopanda juu ya magoti. Si mara ya kwanza kwa nguo za wanawake kuandikiwa amri katika nchi hii. Wazee wanakumbuka vema marufuku ya nguo fupi ya mwaka 1972, wakati wa utawala wa Idi Amin. Kila mtu na ashike rai yake kuhusu nyaraka za namna hiyo. Lililo dhahiri ni kwamba mwanamke mwenye magauni mawili yasiyo na mikono, akiwa na koti moja zuri juu yake, amekwisha kuwa na mavazi ya kazini ya wiki nzima. Na binti aliyemaliza masomo na kuitwa kwenye usaili, ambaye fedha alizo nazo zinatosha koti moja tu, hana nafasi ya kukosea.

Tangu siku za zamani koti la namna hii limekuwa kazi ya fundi wa nguo za kiume. Jina bleza lenyewe hunasibishwa na makoti mekundu ya wapiga makasia wa Chuo cha St John's, Cambridge, katika karne ya 19. Wanawake waliingia humo taratibu, kwanza kwa mavazi ya kupandia farasi, ambayo nayo yalishonwa na mafundi wa kiume. Gabrielle Chanel alipofungua tena kazi yake mjini Paris mwaka 1954, alilifanya koti la kike kuwa jepesi, akalishonea mnyororo mwembamba ndani ya pindo ili lianguke sawasawa lisipeperuke. Kisha ikaja miaka ya 1980, ambapo wanawake wa Ulaya na Marekani walijaa maofisini wakiwa na makoti yenye pedi nene mabegani, kana kwamba kila mmoja amebeba mito miwili. Ninayataja hayo kwa sababu makoti ya mtindo huo hayakutoweka duniani. Yangali yakitokea katika marobota ya mitumba, na kitambaa chake mara nyingi ni kizuri kweli kweli.

BEGA

Livae koti, simama wima, mikono iteremke. Mshono unaounganisha bega na mkono uishie pale mfupa wa bega unapokoma. Ukishuka chini ya hapo, koti ni la mtu mwingine. Ukikoma kabla ya hapo, utaona mkunjo unavuta kuelekea shingoni, na siku utakaponyanyua faili la juu kabatini mshono wa mgongoni utalia. Weka kiganja ubavuni mwako chini ya kwapa. Tundu la mkono lililokaribia kwapa huuacha mkono unyanyuke peke yake. Tundu lililoshuka sana hulibeba koti zima kila unapoinua mkono, hata kola ikagusa masikio. Wengi hudhani tundu kubwa ndilo lenye raha, kumbe ni kinyume chake.

Baadhi ya akina mama, wakipata koti la mabega makubwa, hung'oa pedi kwa wembe na kufurahi kwamba wamelipunguza. Bega halipungui kwa njia hiyo. Kitambaa kilikatwa kwa kipimo cha pedi ile, na pedi ikiondoka kitambaa hubaki kirefu, kikalala na kuingia makunyanzi juu ya mkono. Lililo jema ni kutoa pedi nene na kutia iliyo nyembamba zaidi, na hata hivyo kama tu mshono wa bega umezidi kidogo sana. Ukizidi upana wa vidole viwili, liache koti hilo kwa mwenye mabega yake.

Mwanamke wa Uganda, kwa hakika, hahitaji kufundishwa kwamba bega ndilo hubeba vazi. Gomesi yetu imesimama juu ya mabega yaliyochongoka, na ndiyo maana katika sherehe mwanamume huvaa koti juu ya kanzu naye akapendeza, ambapo mwanamke hawezi kutia koti juu ya gomesi bila kuyaponda mabega yake. Ni nguo mbili ambazo kila moja inadai bega liwe lake.

SOKONI OWINO

Soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, lina makoti ya kumtosha kila mtu, lakini halina kioo cha kumtosha mtu hata mmoja. Yafaa mnunuzi aende na futi ya kupimia na kipimo chake mwenyewe akiwa amekiandika: upana wa mabega kutoka mfupa hadi mfupa, kifua, kiuno, na urefu wa mkono. Nambari iliyoandikwa kwenye lebo isiaminiwe. Koti la kike lenye nambari 42 kutoka Italia ni sawa na 38 ya Ufaransa, 36 ya Ujerumani, 10 ya Uingereza na 6 ya Marekani. Na yote hayo huweza kutoka katika robota moja na kutundikwa kamba moja. Zaidi ya hayo, koti huenda lilikwisha kufuliwa vibaya likarudi.

Jambo la pili ni kitambaa. Muuzaji atakuambia kila kitu ni sufu. Omba nyuzi moja kutoka mshono wa ndani, iwashe kwa kiberiti mbali na nguo. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake husagika vidoleni. Pamba na kitani hunuka kama karatasi iungayo. Poliesta huyeyuka, kisha ikapoa na kuwa kidonge kigumu cheusi. Sisemi poliesta isinunuliwe. Haikunjiki ovyo na hufulika kwa urahisi. Lakini katika chumba kisicho na feni, saa nane mchana, mwenye koti la poliesta na bitana ya poliesta atajua alichokinunua. Sufu nyembamba, ambayo watu wengi huiogopa kwa kudhani ni ya nchi za baridi, hupitisha hewa vizuri zaidi.

Halafu liinue koti kuelekea mwangani, uone kama nondo wamelila. Tazama pia sehemu ya kifuani, karibu na mikunjo ya kola. Ndani ya koti hukaa kitambaa kigumu kinacholipa umbo. Katika makoti mengi ya siku hizi kimegandishwa kwa gundi na si kwa uzi. Koti la gundi likiloweshwa katika maji ya moto, gundi huachia na kifua huvimba malengelenge. Malengelenge hayo hayana dawa inayodumu, na pasi hutuliza tu kwa siku mbili. Ukiyaona, rudisha koti kambani hata kama bei ni ya kutupa.

Yako makoti ya kiume yanayowafaa wanawake, nayo mara nyingi yameshonwa kwa uangalifu zaidi, yana mifuko ya ndani ya kweli, na hayagombaniwi. Utayatambua kwa vifungo, maana koti la kike hufungwa upande wa kulia juu ya wa kushoto, na la kiume kinyume chake. Hakuna mtu ofisini atakayekagua hilo. Tatizo ni kwamba hayana nafasi ya nyonga. Mwenye nyonga pana avae la kiume likiwa wazi, au achague lenye mipasuo miwili nyuma. Kwa wembamba, makoti ya wavulana wa shule ni hazina: mabega yao hukaribiana na ya mwanamke, na kitambaa chake kilitengenezwa kustahimili fujo.

FUNDI

Baada ya bega kukubali, mengine yako mikononi mwa fundi. Kiuno huweza kuingizwa kwenye mishono ya ubavuni na ule wa katikati ya mgongo. Kisizidishwe kupita kiasi, kwani ubavu ukiingizwa sana mifuko hukimbilia nyuma na koti likaonekana limevaliwa upande. Mkono huweza kufupishwa uishie kwenye mfupa wa kifundo, lakini kwanza tazama vifungo vya mkononi: kama vitundu vyake vimechanwa kweli, fundi hawezi kukata kutoka chini bila kuviharibu, na kazi ya kufupisha kutokea juu ni kubwa na ni ya ghali. Kurefusha mkono kunategemea kitambaa kilichokunjwa ndani ya pindo, ambacho aghalabu hakizidi sentimita 3 au 4.

Kifungo cha kati ndicho kipimo cha kiuno. Kifunge, kisha tazama: mikunjo ikitokea kama herufi X pale kilipo, koti linabana. Kaa chini, nyoosha mikono mbele kana kwamba unapiga chapa. Koti la kazini halivaliwi kwa kusimama tu kama sanamu.

Anayetaka kushonewa jipya, na hasa la kitenge, amwombe fundi amkatie kwanza kwa kitambaa cha bei rahisi kama marekani, alivae, kikosolewe hicho. Kwa gharama ndogo ataokoa kitenge chake. Kitenge ni chepesi, kwa hiyo koti lake linahitaji bitana na kitambaa kigumu kifuani, ama sivyo litakuwa blauzi yenye kola. Tena maua yapangwe yakutane katikati ya mgongo na mbele. Fundi asiyeona umuhimu wa hilo apewe kazi ya mapazia.

KULIVAA NA KULITUNZA

Koti jipya kutoka dukani huja na uzi mweupe uliopigwa X kwenye mpasuo wa nyuma, mifuko iliyoshonwa, na pengine kitambulisho cha kiwanda juu ya mkono. Uzi huo ni wa kulishikilia koti safarini. Ukatwe. Na hicho kitambulisho kinapaswa kuondolewa kabla ya siku ya kwanza ya kulivaa. Tumewaona watu wazima, wanaume kwa wanawake, wamekihifadhi mwaka mzima kama nishani.

Kwa rangi, ninaipendelea buluu iliyokoza na kahawia kuliko nyeusi. Nyeusi huonyesha kila chembe, na vumbi la barabara zetu ni jekundu. Mwenye kupanda bodaboda kutoka Kawempe mpaka mjini atafika na ramani nzima mgongoni. Kahawia hulisitiri vumbi hilo kwa adabu. Buluu hukubaliana na sketi ya kijivu, gauni la maua na suruali ya rangi ya mchanga. Juu ya gauni pana, koti liwe fupi na liishie juu ya nyonga. Juu ya suruali nyembamba laweza kuwa refu. Lililo baya ni koti linaloishia hasa pale nyonga zilipo pana kuliko pote, kwa kuwa pindo huchora mstari ambao macho ya watu huufuata.

Koti la sufu lisifuliwe kila wiki. Likitoka kazini lipigwe brashi, litundikwe usiku penye hewa, kwenye hanga nene lililotunisha mabega, au hanga la waya lililozungushiwa kitambaa kuukuu. Wakati wa kupiga pasi, laza kitambaa cha pamba kilicholowa kidogo kati ya pasi na koti, usilisugue bali uikandamize pasi na kuiinua, hasa kwa mwenye pasi ya mkaa, ambaye cheche moja humtosha kuharibu kazi yote. Kola ianze kupigwa pasi upande wa chini, kisha wa juu. Likiwa bado na joto usilivae; litundike mpaka lipoe, kwani mkunjo unaoingia katika kitambaa chenye moto hukaa humo mpaka pasi nyingine.